Miaka 135 ya Rungwe na Asubuhi ya Makaburini

Mwaka huu inatimia miaka 135 tangu wamisionari wa Moravian wafike chini ya Mlima Rungwe, mwaka 1891. Namba yenyewe haina mvuto kwa kamati za sherehe, ambazo zimezoea 50, 100 na 125, namba zinazokaa vizuri kwenye kitenge cha jubilei. Hata hivyo hatuoni sababu ya kusubiri 150 ndipo tuseme lililo moyoni. Pasaka imeangukia Aprili 5, na imetukuta tukijiuliza ni kitu gani hasa Kanisa hili limewapa watu wa Nyanda za Juu Kusini ambacho wasingekipata kwingine.

Wengi watajibu haraka: shule, hospitali, chuo kikuu pale Mbeya kinachoitwa kwa jina la Askofu Teofilo Kisanji. Hatubishi. Ila zahanati serikali nayo inajenga, na shule kila dhehebu linazo. Jibu letu sisi ni ibada moja tu, inayofanyika mara moja kwa mwaka, mahali ambapo watu wengi hawapendi kukanyaga kabla jua halijachomoza. Tunasema juu ya ibada ya alfajiri ya Pasaka, ile ya makaburini.

Kwa ambaye hajawahi kuhudhuria, tueleze kidogo. Pasaka ya Rungwe huja katikati ya masika, na masika ya Tukuyu si ya mchezo. Jumamosi vijana wa ushirika wamefyeka nyasi kwenye makaburi, kina mama wamefagia na kuondoa majani yaliyooza, lakini usiku mvua imenyesha tena na njia imekuwa utelezi mtupu. Watu wanafika kukiwa giza, mabuti miguuni, kitenge kimefungwa juu ya sweta, tochi ya simu ikimulika hatua mbili mbele. Wiki nzima wamekuwa wakisomewa habari ya mateso jioni baada ya jioni, tangu Yesu alipoingia Yerusalemu hadi alipolazwa kaburini, kwa hiyo hakuna anayehitaji kukumbushwa wamefikia wapi. Mchungaji hana utangulizi wala matangazo. Anatamka kwamba Bwana amefufuka, na umati unamjibu kwamba amefufuka kweli kweli. Kisha wanatoka kwa maandamano, matarumbeta mbele. Midomo ya wapigaji imekufa ganzi kwa baridi, kwa hiyo sauti mbili tatu za mwanzo hutoka vibaya, na hakuna anayejali.

Wakishafika na kusimama kati ya makaburi, wanasoma liturgia ya asubuhi hiyo, ambayo kwa kweli ni ungamo la imani nzima ya Kanisa, kuanzia uumbaji hadi ufufuo wa wafu. Moravian ni watu wasiopenda sana maungamo marefu ya kitheolojia. Kwamba hili moja wamelipeleka nje, wakaliweka midomoni mwa watu waliosimama juu ya udongo wa wazee wao, ni jambo la kutazamwa kwa makini. Na ndani yake ipo sehemu ambapo kusanyiko linaomba lisitengwe na ndugu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Pale ushirika unapotunza desturi hiyo vizuri, majina husomwa, jina moja moja. Babu aliyekuwa mzee wa kanisa miaka arobaini anatajwa, na baada yake mtoto aliyeishi siku tatu, kwa sauti ileile na kwa urefu uleule. Ukisimama nyuma utaona kila jina likitajwa kuna familia moja inajisogeza na kukaa karibu zaidi.

Tunaileta ibada hii mbele ya wasomaji kwa sababu tumechoshwa kidogo na mahubiri ya Pasaka tunayosikia siku hizi. Fungua redio yoyote wiki hii. Utaambiwa Pasaka ni msimu wa biashara yako kufufuka, ndoa yako kufufuka, nyota yako kufufuka, hata kiwanja chako chenye kesi kufufuka. Aliye mpole zaidi atakuambia ufufuo maana yake ni matumaini, kwamba baada ya dhiki ni faraja. Hayo yote ni mazuri, na mengi yangeweza kusemwa hata kama Yesu angebaki kaburini. Methali zetu zimekuwa zikiyasema tangu zamani bila kuhitaji kaburi lililo wazi. Jaribu sasa kuyahubiri hayo makaburini, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mbele ya mama aliyemzika binti yake mwezi Februari. Hayatamkiki. Mahali penyewe panayakataa.

Desturi hii ilianzia mbali na Rungwe, na ilianza bila mpango. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia, masalia ya Kanisa la Ndugu lililoundwa Bohemia mwaka 1457, walipewa hifadhi katika ardhi ya kabaila Zinzendorf huko Saxony, Ujerumani, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Makaburi yao waliyaweka kwenye kilima cha Hutberg, juu ya kijiji. Asubuhi ya Pasaka, Aprili 13, 1732, vijana wa kiume ambao hawajaoa walipanda kilimani kabla ya mapambazuko, wakaimba pale kati ya makaburi wakingoja jua. Hakuna sinodi iliyoamua wala askofu aliyetoa waraka. Mwaka uliofuata wakaenda tena, na wengine wakawafuata.

Ni mwaka huohuo wa 1732, Agosti 21, mfinyanzi Leonard Dober na seremala David Nitschmann walipoondoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas, koloni la Denmark katika bahari ya Karibi, kuwahubiria watumwa. Vitabu vya historia ya umisionari hupenda kuanza na safari hiyo. Sisi tunaanza na kilima, kwa sababu miezi minne tu inatenganisha mambo haya mawili, na kijiji kilikuwa kidogo mno kwa lile la kwanza kupita bila kusikika kwenye la pili. Watu waliongoja jua makaburini wakisema kifo kimepoteza kesi yake wanakuwa wepesi kupanda meli ambayo pengine haitawarudisha.

Juu ya Hutberg mawe ya makaburi yamelazwa chini, karibu yote bapa, na watu hawakuzikwa kwa koo zao: wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, kwa zamu ya kufa kwao. Mwenye mali na mpishi wake hawatofautiani. Kwa kuwa wote watainuka kwa sauti moja, hawakuona haja ya mmoja kuinuka kutoka kwenye jumba na mwingine kwenye kichuguu. Ingekuwa vizuri kusema Moravian waliishi hivyo kila mahali. Hawakuishi hivyo. Huko St. Thomas kwenyewe misheni ilikuja kumiliki shamba na watumwa wa kulilima. Na kule Salem, North Carolina, ambako ibada ya alfajiri imefanyika tangu 1772 na bado inavuta maelfu, weusi na weupe walizikwa pamoja hadi 1816, ndipo Wakristo wa Salem walipotenga makaburi ya weusi peke yao. Waliendelea kwenda kilimani kila Pasaka na kusema maneno yaleyale. Sisi tunaona kwamba mwaka ule wa 1816 waliukana ufufuo waziwazi kuliko mkana Mungu yeyote wa zama zao. Sinodi ya jimbo la Moravian la kule iliomba radhi kwa mambo ya utumwa mwaka 2006.

Turudi nyumbani. Theodor Meyer na wenzake walipofika Rungwe mwaka 1891 kupitia Ziwa Nyasa, waliwakuta watu ambao hawakuhitaji kufundishwa kwamba waliokufa wapo. Hilo Wanyakyusa walikuwa wanalijua vizuri kuliko Wajerumani. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kati yao miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, ameeleza kwa kirefu katika kitabu chake *Rituals of Kinship* cha 1957 jinsi mambo ya msiba yalivyokuwa na kazi mbili: kwanza kumtenga marehemu na walio hai, maana ukaribu wa kifo ni hatari na huweza kumtia mfiwa wazimu, kisha kumkaribisha tena nyumbani akae na ukoo kwa amani, akiwa amekwisha kuwa mwingine. Vijana walicheza ngoma ya mikuki juu ya msiba. Wanawake waliomboleza hadi sauti zikakauka. Hii haikuwa jamii iliyodhani mtu akifa amekwisha.

Kwa hiyo mhubiri aliyesimama Rungwe na kutangaza kwamba roho ya mtu haifi alikuwa anawaambia wenyeji habari za kwao. Tunasisitiza hili kwa sababu hata leo, ukiwauliza Wakristo kumi ufufuo ni nini, wengi watakujibu kwamba ni roho kwenda mbinguni. Wangekuwa wanaeleza imani ambayo wazee wao, Wagiriki na nusu ya dunia walikuwa nayo kabla ya Pasaka ya kwanza. Wanawake walioenda kaburini alfajiri, manukato mikononi, waliamini hivyo pia kwa namna yao, wala imani hiyo haikuwazuia kununua manukato ya maiti. Kilichowafanya wakimbie wakitetemeka, kama Marko anavyosimulia, ni kwamba mwili haukuwapo.

Hapo ndipo habari ilipokuwa mpya, Yerusalemu na Rungwe vilevile. Yesu wa Injili baada ya kufufuka si mzimu wa Yesu. Luka anamweka mezani akila kipande cha samaki mbele ya wanafunzi waliodhani wameona roho. Yohana anampa makovu, na anamwacha Tomaso ayatazame. Mariamu Magdalena anamdhania mtunza bustani, kosa ambalo hakuna mtu angelifanya kama angetokewa na malaika mwenye kumeta. Ni mtu mwenye mwili, mwili uleule uliopigwa misumari, sasa hauwezi tena kufa. Moravian wa karne ya 18 waliyapenda makovu hayo kupita kiasi, hadi baadhi ya nyimbo zao za wakati ule zikaaibisha wajukuu, lakini walikuwa wameshika jambo: aliyefufuka hakuacha nyuma yaliyompata. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho, hakuwaachia mlango wa pembeni. Kama Kristo hakufufuka, anasema, mahubiri yetu ni bure na waliolala wamepotea. Hakusema tutabaki na mafundisho mazuri.

Kwa Mnyakyusa aliyebatizwa mwishoni mwa karne ile ya 19, hatudhani kama kuna kitu kilikuwa kigumu na kitamu kama kile cha kwenda makaburini kwa hiari, gizani, bila msiba, na kuimba. Marehemu ambaye jana alikuwa wa kutengwa na kutulizwa, leo anatajwa kwa jina kati ya ndugu kama mtu aliyelala chumba cha pili. Haombwi mvua wala haogopwi. Anangojwa.

Kutoka hapo, tunadhani, hospitali zinaeleweka kwa namna nyingine. Isoko, Mbozi, na kule Unyamwezi ambako Moravian walipokea misheni ya Urambo mwaka 1898 na baadaye kufika Sikonge, ambako wagonjwa wa ukoma walitunzwa wakati ambao wengi hawakutaka hata kupita karibu nao. Imani ya roho peke yake haidai hospitali ya ukoma. Ungeweza kumwombea mgonjwa ukiwa mbali, ukamwahidi kwamba siku moja ataachana na mwili huo mbovu. Lakini kama mwili huohuo ndio utakaoinuliwa, vidole vilivyokatika ni mali ya Mungu, na kidonda kinasafishwa.

Ibada hii imepita katika mambo mazito. Mwaka 1916, vita ya wazungu ilipofika Rungwe, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Kwa muda, hadi Waskoti wa misheni ya Livingstonia walipokuja kushika nafasi, wazee wa kanisa walibaki na makanisa, vitabu na makaburi. Wajerumani walirudi miaka ya 1920, wakaondolewa tena katika vita ya pili. Tunaposherehekea miaka 135 tuwe waangalifu tusiigeuze kuwa hadithi ya Herrnhut na watoto wake. Waliotamka asubuhi ya Pasaka, pasipo mchungaji wa kigeni, kwamba Bwana amefufuka, wakati vijana wao wamechukuliwa ukapagazi na wengi wao hawarudi, ndio wenye Kanisa. Leo Moravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani, na Herrnhut yenyewe imebaki mji mdogo wa Saxony unaotembelewa na Watanzania wenye kamera.

Kusifu bila kuonya ni kazi ya mshereheshaji, na tahariri si ya mshereheshaji. Kuna mambo mawili yanatukera.

La kwanza ni marumaru. Watu wa Rungwe huzika nyumbani, kando ya migomba, na hatuna ugomvi na hilo. Kaburi la nyumbani lina ukaribu wake. Lakini tumeanza kushindana. Kaburi la mwenye duka lina vigae, paa la bati la rangi na uzio wa chuma, na la jirani yake ni tuta ambalo mvua ya masika mbili imelilaza. Hata kwenye makaburi ya kanisa ushindani umeingia, na kuna sharika kadhaa ambako eneo la mbele, karibu na njia, limegeuka la wenye uwezo. Kanisa ambalo alama yake ni Mwanakondoo aliyebeba bendera ya ushindi wa ufufuo linapaswa kuwa na neno la kusema hapa, na neno hilo lisemwe kwenye baraza la ushirika, kabla ya msiba, maana siku ya msiba hakuna anayesikiliza.

La pili ni ugomvi. Migogoro ya uongozi katika Kanisa hili waumini wanaijua na wasomaji wetu wanaijua, hatutairudia. Tutasema tu kwamba makundi mawili yasiyoweza kukaa kanisa moja yanalazwa kwenye eneo moja la makaburi bila kuulizwa, na asubuhi ya Pasaka majina yao husomwa kutoka karatasi moja.

Na hiyo karatasi ndiyo hoja yetu ya mwisho kwa viongozi wa majimbo. Mwaka 2032, miaka sita kutoka sasa, ibada ya alfajiri itatimiza miaka 300, na wageni watakuja kutoka kila upande wa dunia. Fulana zitachapishwa, hilo halina shaka. Tunaomba fedha kidogo itengwe tangu mwaka huu kwa kazi isiyopigwa picha. Kila ushirika una daftari la waliofariki, au ulikuwa nalo. Mengine yako kwenye kabati la ofisi ya mchungaji, yameliwa na mchwa pembeni. Mengine yaliondoka na mwinjilisti aliyehamishwa. Ya zamani yameandikwa kwa wino uliofifia na kwa tahajia ya Kijerumani ya majina ya Kinyakyusa, ambayo bibi mmoja au wawili tu wa kijiji bado wanaweza kuyatambua ni ya nani. Vijana wa shule za sekondari za Kanisa wakae na bibi hao wakati wa likizo, daftari mezani, wayanakili. Wapite pia kwenye migomba, nyumba kwa nyumba, waandike waliozikwa huko, pamoja na wale wasio na jiwe. Kazi ikianza baada ya Pasaka hii, Rungwe, Rutenganio na Ipyana zinaweza kuwa na orodha kamili kabla wageni hawajafika, na mchungaji wa zamu atakuwa na cha kusoma.